Pengo Kati ya Nne na Sita

Siku Deverick Broadnax alipokufa, mdogo wake Ennis alikuwa amejinyoosha kwenye kochi sebuleni akiangalia mbio za magari kwenye televisheni. Sauti alikuwa ameipunguza kwa sababu mama yao, Verlene, alikuwa akiimba jikoni. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, na joto la Alabama lilikuwa limemfukuza hata mbwa akajificha chini ya ngazi. Asubuhi ile Deverick alikuwa ameondoka na pikapu yake kurudi chuoni, mapema kabla ya masomo kuanza, ili asaidie kupokea wanafunzi wapya. Ennis mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wapya.

"Twende wote leo," Deverick alikuwa amemwambia huku akifunga turubai juu ya mizigo.

"Nikafanye nini huko kabla ya masomo?"

"Nikutambulishe kwa watu."

"Watu wenyewe si ndio hao wanaovaa kijani kama vyura? Nitawaona tu. Hawakimbii."

Deverick alicheka, akampiga kikofi cha kisogo, akawasha gari. Kwamba alicheka, hilo Ennis ana hakika nalo. Ila alicheka kicheko cha namna gani, hapo ndipo kumbukumbu inapomponyoka kila anapoikamata.

Mchana wakaja askari wawili wa barabara kuu, kofia mikononi. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka karibu na daraja. Verlene alikuwa ameshika shati ambalo Deverick alilisahau kwenye mashine ya kukaushia nguo. Alilikunja kwanza, mikono ndani, kola juu, akalilaza mezani. Ndipo akauliza, "Yuko wapi sasa?"

Jioni, hata mashangazi hawajafika, ikaingia gari uani na vijana watano wakashuka. Wote walivaa majaketi ya kijani kibichi yenye herufi tatu za Kigiriki kifuani na namba kwenye mkono. Hawakubisha hodi. Walijipanga kwenye majani mbele ya nyumba kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma, kama walivyopangwa siku walipoingia kwenye udugu wao wa chuo. Vijana wanaoingia pamoja huitwa mstari, na namba anayopewa mtu mstarini haimtoki mpaka kaburini. Wa nne alikuwa Tolliver, mweusi wa kutulia, mwenye miwani. Wa sita alikuwa Ogletree, mrefu kama nguzo ya taa. Katikati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja.

Verlene alifungua mlango. Akautazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yakafika kwenye pengo yakakwama. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Ennis alibaki nyuma ya pazia.

Alikuwa na jambo lake. Lilianza miezi michache kabla, majira ya baridi, pale Deverick alipoanza kutopatikana. Simu hapokei. Akija nyumbani anasinzia kanisani, macho mekundu, na ukimuuliza anasema ni masomo. Kila mtu aliyesoma vyuo vyenye udugu kama ule anajua maana yake: kijana yuko njiani kuingia kwenye udugu, na mambo hayo hayasemwi nje mpaka siku ya kutolewa. Ennis naye alijua. Lakini baba yao alikuwa ameondoka zamani, na wao wawili walikuwa wamelala chumba kimoja tangu utotoni, kitanda kwa kitanda. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Amejipatia ndugu wengine," alimwambia mama yake. "Sisi tumepitwa na tarehe, kama maziwa."

"Acha ujinga, mwanangu."

Usiku wa kutolewa ulikuwa Aprili. Wapya huletwa ukumbini mbele ya chuo kizima, nyuso zimefunikwa, mikono imeshikana. Hughani, huimba, hupiga miguu chini mpaka sakafu inaitikia, kisha vinyago huvuliwa kimoja kimoja, na kila anayevuliwa hutaja jina lake huku watu wake wakipiga vigelegele. Deverick alikuwa amewawekea viti viwili mstari wa mbele. Siku ilipofika Ennis alisema ana homa.

Verlene alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale kwa muda. Kisha akasema "Haya," akachukua kofia yake na funguo za gari, akaenda peke yake.

Asubuhi yake Deverick akatokea mlangoni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, mkononi ana supu ya kuku ya kopo, biskuti za chumvi na chupa ya soda ya tangawizi. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kunywa kidogo kidogo. Usigugumie kama bata."

"Ilikuwaje?"

"Utaona video. Lakini video si kitu." Akasugua macho. "Usijali, dogo. Homa haina adabu, haiulizi ratiba ya mtu."

Akalala hapohapo miguuni mwa Ennis, viatu havijavuliwa. Ennis, mzima wa afya, alikaa chini ya mablanketi mawili bila kuthubutu kujigeuza, mpaka jasho likamlowanisha. Deverick alipoamka akamgusa shingoni, akafurahi.

"Unaona? Homa inatoka hiyo."

Ennis alipanga kumwambia. Siku moja wangekaa mahali, wakubwa, pengine na watoto wao wakikimbizana uani, na jambo lile lingekuwa la kuchekwa. Aliliweka akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Mkesha wa mazishi, watu wa Kijani, kama udugu ule ulivyoitwa, walifanya ibada yao kanisani. Wazee kwa vijana walikuja na glavu nyeupe, wengine kutoka majimbo ya mbali. Ilipofika sehemu ya mwisho, mzee mmoja aliwaomba kwa upole wasiokuwa wa udugu ule watoke nje. Mlango ukafungwa. Ennis alisimama upande wa pili na sahani ya keki ambayo shangazi mmoja alikuwa amemtwika, akisikiliza nyimbo za chini chini zikipita kwenye mbao. Ndugu zake Deverick walikuwa ndani, na yeye alikuwa nje.

Akaenda chuoni hivyo hivyo, kwa sababu ada ilikuwa imeshalipwa na mama hakutaka kusikia neno lingine. Oktoba baridi ilipoanza, Verlene akamtumia kifurushi. Ndani mlikuwa na jaketi la kijani lenye namba tano mkononi. "Ni zito hili," alimwambia kwa simu. "Vaa, usije ukapata kifua."

Verlene hakujua. Ennis alijua vizuri. Jaketi la mstari halivaliwi na mtu mwingine, hata awe nani. Kuna waliovuliwa majaketi kwa nguvu mbele za watu. Basi alilivaa chumbani tu, mlango umefungwa. Kendrell, mwenzake wa chumba, kijana wa mji wa Mobile asiyeweza kunyamaza, alimwona mara moja tu akaruka kitandani.

"Wewe! Hilo litakuletea kipigo! Hata bibi yangu anajua hilo, na bibi yangu hajui hata kupokea simu ya video."

"Niko chumbani kwangu."

"Chumbani kwetu. Na mimi meno yangu nayapenda."

Ikaja wiki ile ambayo wahitimu wa miaka yote hurudi chuoni. Jumamosi uwanja ulijaa moshi wa nyama, ngoma za bendi, wazee wakikumbatiana na kutajiana namba zao. Ennis alilivaa jaketi chini ya koti la mvua. Alijiambia ni siri yake na Deverick, hakuna atakayeona.

Watu wa Kijani wakaanza kutembea mstari. Ni mwendo wao wa kujionyesha, nusu gwaride nusu ngoma, na umati huwapisha. Tolliver alipita, wa nne. Baada yake likapita pengo, hatua moja tupu iliyokuwa ikitembea kwa mdundo uleule. Kisha Ogletree. Wazee waliokuwa karibu wakavua kofia.

Ennis hakumbuki kulivua koti. Anakumbuka kwamba hatua alizijua zote, kwa sababu Deverick alizifanyia mazoezi jikoni kiangazi kizima, mpaka Verlene akamfukuza na mwiko. Miguu iliingia yenyewe. Akawa yumo, nyuma ya Tolliver, mbele ya Ogletree, na nyimbo zikapungua kama redio inayopoteza mawimbi.

"Nani huyo?" mtu akapaza sauti. "Oya! Mtoeni huyo!"

Tolliver hakugeuza kichwa. Alirudisha mkono nyuma, akaunasa mkono wa Ennis kwenye kiwiko, akambana.

"Mguu wa kushoto," alisema kupitia meno. "Usisimame. Ukisimama watakuvunja."

Wakatembea hivyo mpaka nyuma ya jengo la muziki. Huko Tolliver akamwachia.

"Vua."

Ennis akavua. Ogletree alikuwa anahema kwa hasira.

"Dogo, una wazimu? Pale kuna wazee wametoka Chicago kuja kuliona pengo lile! Wanajua ni la nani!"

"Samahani."

"Samahani ni ya mtu aliyemwaga soda!"

"Alikuwa anasikia baridi," Tolliver alisema, akilikunja jaketi taratibu.

"Baridi gani? Jua linatuchoma!"

"Nimesema alikuwa anasikia baridi, Ogletree."

Wazee hawakulimaliza kwa hilo. Mtu wa nje ameingia mstarini, na aliyekuwa mbele yake hakumtoa. Badala yake alimshika mkono kama ndugu. Tolliver akakatazwa kutembea mstari mpaka atakapohitimu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Tangu siku ile, Kijani walipotembea, mapengo yalikuwa mawili yanayofuatana. Ennis alikuwa akipitia njia ya nyuma ya maktaba ili asiyaone.

Januari tangazo likabandikwa: wanaotaka kujiunga na Kijani wafike Jumapili alasiri, suti, viatu vimepigwa rangi. Ijumaa, Ennis akiwa kwenye bwalo na sahani yake ya samaki wa kukaanga, Tolliver akaja akaketi mbele yake. Walikuwa hawajazungumza tangu Oktoba.

"Ukija watakuchukua," Tolliver alisema, bila salamu.

"Baada ya yale?"

"Wazee wameshasema yale yalikuwa uchungu tu. Mdogo wake Dev hakataliwi." Akachukua kiazi kimoja kwenye sahani ya Ennis. "Ila ni sasa. Mwakani sisi hatupo, na watakaobaki hawakumjua. Watakuambia umeshavunja mwiko, basi."

"Wewe unataka nije?"

"Mimi nataka kumpigia Dev simu nimuulize. Haiwezekani. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Ennis alitazama samaki wake. "Alikuwa akinitaja?"

"Kila siku. Mpaka tunachoka." Tolliver akacheka kidogo. "Unajua usiku ule tulipotolewa? Baada yake kuna chakula na wazee, na kuondoka mapema hairuhusiwi kabisa. Dev akasimama katikati ya chakula akasema mdogo wangu anaumwa, alfajiri nisipatikane hapa. Mzee mmoja akamsimamisha ukutani akamsema kama mtoto. Dev anaitikia tu, 'Ndiyo, bwana. Lakini nitaenda, bwana.' Basi tukashikana mikono sote sita, tukakuombea. Hata sura yako tulikuwa hatuijui."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ennis alikata kipande cha mkate, akapangusia sahani isiyokuwa na mchuzi.

"Asante," alisema.

"Jumapili, basi," Tolliver akasema, akainuka.

Jumamosi Ennis akapanda basi kwenda nyumbani kuchukua suti. Ya kwake ilikuwa imembana. Verlene akatoa nyeusi ya Deverick, akamsimamisha juu ya kigoda jikoni apime miguu ya suruali. Alikuwa amebana pini mdomoni, nyuzi shingoni.

"Mama."

"Mh."

"Aprili ile sikuwa na homa."

Verlene hakuinua kichwa. Alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Najua. Si nilikugusa?"

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani?" Akakaa chini sakafuni, mkono bado umeshika pindo la suruali. "Niliendesha gari njia nzima nikiwaza nitamwambia nini. Nikamkuta mwanangu amefunikwa uso, simjui ni yupi kati ya wale sita. Akavuliwa. Kitu cha kwanza alichotazama ni kile kiti chako. Nikamwambia unaumwa. Siku yake kubwa, nami mama yake nikamwongopea usoni. Akaacha sherehe akaja kukuletea supu." Akalinyoosha pindo. "Nilidhani ipo siku nitamwambia."

"Hata mimi."

Maji yalikuwa yakichemka kwenye jiko. Hakuna aliyeyaepua.

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Suruali nitaikunja utakavyo. Lakini sikiliza. Usiende kule kuomba radhi. Wale vijana hawawezi kukusamehe, hawajui wanakusamehe nini. Ukitaka kuwa mmoja wao, nenda, nitakuja kukupigia vigelegele. Ukimtaka Deverick, hayuko kule." Akachukua pini. "Nilishaangalia."

Jumapili alasiri Ennis alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la mkutano, ndani ya suti ya kaka yake. Vijana waliingia wawili wawili, shingo zimekazwa na tai, wengine wakipangusia viatu nyuma ya suruali. Tolliver alikuwa mlangoni akiwapokea. Alimwona Ennis, akainua mkono.

Ennis akajiuliza swali moja: Deverick angekuwa hai, ungeingia? Jibu halikuchelewa. Angekuwa chumbani na Kendrell, akiwaita vyura.

Alivuka barabara.

"Siingii," alisema.

Tolliver alivuta mlango nyuma yake ili walio ndani wasisikie. "Umeogopa?"

"Hapana."

"Kama ni mambo ya Ogletree, yule anabweka tu."

"Si Ogletree. Siku ile mliponiombea, sikuwa naumwa. Nilikataa tu kuja. Nilimwonea wivu. Akaniletea supu nikainywa."

Tolliver alivua miwani, akaitazama kama iliyoingia uchafu.

"Dev alijua?"

"Hakujua. Sikumwambia."

"Tulipiga magoti, Ennis."

"Najua."

"Mimi nimekaa nje ya mstari kwa ajili yako. Mwaka wangu wa mwisho."

"Najua, kaka. Nakuomba..."

"Usiniombe." Akairudisha miwani. Ndani mtu alikuwa akiwaamuru vijana waketi. Tolliver akamtazama kuanzia viatu hadi shingoni. "Suti ya Dev hiyo?"

"Ndiyo."

"Inakupwaya mabegani," alisema. Akaingia, akafunga mlango.

Ennis alirudi bwenini kwa miguu. Njiani alitegemea kusikia wepesi fulani kifuani, kwa kuwa amesema kweli. Haukuja. Kilichokuja ni wazo ambalo halijamwacha: kwamba mara mbili Deverick alimwandalia nafasi, kwanza kiti ukumbini, kisha mlango ule, na mara mbili hakuingia. Ya kwanza anajua ilikuwa kijicho. Ya pili huiita ukweli, lakini usiku akijigeuza kitandani huona kwamba miguu iliyomzuia ni ileile.

Sasa yuko mwaka wa pili. Tolliver amehitimu na anafundisha hesabu Birmingham; hawajazungumza tena. Ukutani kwenye jengo la wanafunzi kuna kibao cha shaba chenye jina la Deverick Broadnax, na alasiri Ennis hufanya kazi kwenye meza ya mapokezi iliyo mbele yake. Wanafunzi wapya hukisoma, kisha huliona jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, wakamuuliza kama ni ndugu yake. Husema ndiyo, kaka yangu.

"Basi na wewe ni Kijani?"

Husema hapana, na kuwaelekeza bwalo liliko.